Mtoto Akikuuliza Njia, Keti Kwanza



Mimi ni karani wa parokia hapa Rudewa, wilaya ya Kilosa. Kazi yangu mwaijua: kuandika vitabu vya ubatizo na vya ndoa, kuhesabu sadaka pamoja na wazee wa kamati, kutayarisha matangazo ya Jumapili, na kumpokea kila abishaye hodi. Nilisomea ualimu, na ingawa sikupata darasa la kufundisha, watu wa hapa waniita Mwalimu hata leo. Kwa sababu ya jina hilo, na kwa sababu ofisini mna kompyuta moja, watoto wa sekondari huja kwangu kuniuliza, “Sasa nisome nini, na wapi?”

Leo nataka kuwaeleza kosa nililomtendea mmoja wao. Nalieleza ili lisirudiwe katika nyumba zenu.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2022. Matokeo ya Kidato cha Nne yalikuwa yametoka, na binti mmoja wa kigango chetu alikuwa amefaulu vizuri. Biolojia alipata B, Jiografia B, Kemia C, na Fizikia, somo ambalo wenzake wengi walikwisha liacha, alipata C. Baba yake ni mkulima wa mpunga na ufuta. Alikata shauri kumpeleka sekondari ya binafsi, ya bweni, yenye Kidato cha Tano na cha Sita. Alisema, “Akikaa nyumbani, kuni na maji vitammaliza. Nitalima, nitalipa.”

Shule ile ilimpa fomu ya kujiunga, na ndani yake palikuwa na mahali pa kuandika tahasusi. Kwa wale wasiolijua neno hili, tahasusi ni yale masomo matatu makubwa atakayosoma mtoto kwa miaka miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita. Huandikwa kwa herufi tu. PCB ni Fizikia, Kemia na Biolojia. CBG ni Kemia, Biolojia na Jiografia. Ukizitazama, tofauti yake ni herufi moja.

Binti alinikuta nimesimama mlangoni, funguo mkononi, na pikipiki yaningoja nipeleke karatasi Kilosa mjini.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, binti. Habari za nyumbani?”

“Nzuri. Naomba uniambie, niandike PCB au CBG?”

Sikumwuliza anataka kuwa nani. Sikumwuliza hata neno moja. Nilimwambia, “Zote ni sayansi. Fizikia ni ngumu, isije ikakuangusha. Andika CBG, Jiografia waiweza.” Kisha nikafunga mlango, nikapanda pikipiki, nikaenda zangu. Maneno yale hayakuchukua dakika mbili.

Miaka miwili ilipita. Baba yake alilipa ada kwa mpunga, akalipa kwa ufuta, na mwaka mvua zilipoharibu aliuza mbuzi. Mwezi wa Julai 2024 matokeo ya Kidato cha Sita yalitoka. Binti alikuwa amepata Daraja la Kwanza, pointi 7. Nyumbani kwao palichinjwa jogoo, na majirani walikuja kumpa mkono. Siku ya pili yake baba na binti wakaja ofisini, wamevaa kama watu waendao Misa.

Mzee akasema, “Mwalimu, kazi imekwisha. Sasa tuandikie chuo. Mtoto anataka udaktari tangu mama yake alipougua.”

Nikafungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU. Humo kila chuo kimetajwa, na kila somo la shahada limeandikiwa masharti yake. Nikatafuta udaktari wa binadamu. Nikasoma: ufaulu katika Fizikia, Kemia na Biolojia. Nikatafuta chuo kingine. Fizikia, Kemia na Biolojia. Nikaendelea kutafuta, kama mtu atafutaye jina katika kitabu cha ubatizo na asilione.

Mzee aliuona uso wangu. Akauliza, “Kuna nini?” Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Nikiuza lile shamba la bondeni, hawatampokea?” Nikamjibu, “Hapana, Mzee wangu. Mlango huu haufunguliwi kwa fedha.”

Ndipo binti aliponena, tena kwa upole: “Mwalimu, wewe ulisema zote ni sayansi.”

Ndugu msomaji, nimewahi kugombezwa na watu wakubwa, na sikuona uchungu kama wa siku ile. Angalikuwa amenitukana, ningalipata la kujitetea.

Tena mimi sikuwa na udhuru, maana nami niliumizwa vivyo hivyo. Nilimaliza Kidato cha Sita mwaka 2010, mwaka ule ule TCU ilipoanza kuwaandikisha wanafunzi wote kwa pamoja katika mtandao. Nilikwenda mjini katika duka la kompyuta. Kijana wa pale aliniuliza nataka kozi gani. Nikasema, “Zile ambazo watu wengi wanaandika.” Akaniandikia. Nilipata nafasi ya chuo kikuu, lakini sikujua kwamba mkopo ni ombi jingine, lenye fomu yake na siku yake ya mwisho. Nilipokuja kujua, siku ilikuwa imepita. Nyumbani hapakuwa na ada. Barua ya chuo ingali sandukuni mwangu hata leo. Baadaye ndipo nilipokwenda chuo cha ualimu, na simlaumu mtu. Lakini mtu aliyekwisha tumbukia shimoni, akimwona mtoto anakuja njia ile ile, hana ruhusa ya kusema ana haraka.

Basi nikawaambia, “Mzee, na wewe binti, nawaomba mnisamehe. Njooni Jumamosi. Safari hii tutaketi.”

Tulikaa Jumamosi tatu, na nilijifunza mengi kuliko niliyoyajua. Nitawaeleza yale yanayoweza kuwafaa.

Jumamosi ya kwanza niliweka karatasi tupu mezani, nikamwuliza yale maswali niliyopaswa kumwuliza mwaka 2022. Wapenda kazi gani? Kwa nini? Ukikosa hiyo, ipi inafuata? Waweza kukaa mbali na nyumbani? Alisema anataka kutibu watu, na kama haiwezekani, basi kilimo, kwa kuwa amekua shambani. Baba yake alishangaa. Alikuwa hajapata kulisikia hilo la kilimo. Kumbe twawalipia watoto ada miaka mingi, na hatujui mioyoni mwao mna nini.

Jumamosi ya pili tuliandika njia mbili. Njia ya kwanza ni shahada. Kwa masomo ya CBG milango mingi ilikuwa wazi, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko mkoani mwetu, pale Morogoro. Huko angeweza kuomba masomo ya kilimo, na kwa kuwa ni shahada angeweza kuomba mkopo wa serikali.

Njia ya pili sikuijua mimi. Aliigundua binti mwenyewe, alipokuwa akisoma mwongozo wa NACTVET, lile Baraza la Taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati. Stashahada ya utabibu, inayomtoa yule tabibu mnayemkuta katika vituo vya afya, husomwa miaka mitatu, na masharti yake hutazama cheti cha Kidato cha Nne: Kemia, Biolojia na Fizikia. Fizikia! Ile C yake ya Kidato cha Nne ilikuwa bado hai. Tena mwenye stashahada hiyo, akifaulu vema, na akiwa na masomo yanayotakiwa ya Kidato cha Nne, aweza baadaye kuomba udaktari wenyewe katika chuo kikuu. Mlango wa mbele ulifungwa, bali wa uani ulikuwa wazi.

Lakini njia hiyo ilikuwa na bei yake. Ni ndefu. Halafu mkopo haukuwa wa hakika. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika mwaka wa masomo wa 2023/2024, lakini ni kwa masomo yaliyotajwa tu, si yote. Asiyekopeshwa yampasa alipe mwenyewe. Na neno chungu kuliko yote, ambalo sikuweza kulificha: njia hii angeweza kuishika mara tu alipomaliza Kidato cha Nne, kabla ya ile miaka miwili na zile ada.

Mzee alinitazama, akasema, “Kwa hiyo mbuzi wangu walikwenda bure?”

Binti ndiye aliyejibu. “Hawakwenda bure, baba. Kemia na Biolojia niliyosoma nitaikuta huko. Nami sikuwa na umri wala akili ya leo.”

Jumamosi ya tatu nilinyamaza. Hili nalo ni somo. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwa niaba yake mara moja, nikaharibu. Nikaziweka karatasi mbili mbele yao, nikatoka nje, nikakaa chini ya mwembe. Waliponiita, walikuwa wamechagua utabibu. Mzee alikuwa ameamua pia juu ya shamba la bondeni: haliuzi, bali nusu yake analikodisha kwa misimu mitatu. Nilifurahi sana kwa hilo. Shamba lililouzwa halirudi, na mtoto akiugua au akishindwa njiani, nyumba nzima hubaki bila chakula. Mimi nililipa gharama za maombi. Lilikuwa deni langu.

Sasa yuko mwaka wa pili. Sijui mwisho wake, wala sitaki kuwadanganya kwamba mambo yote yamekwisha kuwa mema. Baba yake anavuna nusu ya bonde. Lakini mtoto anasoma kile alichokitaka, na anajua kwa nini yuko pale.

Wapendwa wazazi, pengine mtasema, “Mambo haya ni ya walimu.” Ni kweli, shuleni huwapo mwalimu wa malezi na unasihi, na wengi wao wanajitahidi. Lakini mwalimu huyo ana vipindi vyake vya kufundisha, na watoto ni mamia. Zipo shule, kama ile ya kimataifa ya UWC East Africa yenye majengo Moshi na Arusha, ambako wako watu waliowekwa kwa kazi hii ya kuwaongoza wanafunzi kuchagua vyuo. Mwanafunzi huketi nao kabla ya mwaka wa mwisho. Sisi wa vijijini hatuna ada ya shule hizo. Je, hatuna hata kiti cha kumkalisha mtoto?

Wala msidhani kwamba mtoto mwenye akili atajiongoza mwenyewe. Mwalimu Nyerere alikuwa na akili ambayo hakuna asiyeijua. Alipotoka Makerere alifundisha St. Mary’s, Tabora, na huko Padre Richard Walsh, wa shirika lile lililoitwa Mapadri Weupe, alimhimiza na kumsaidia aende kusoma zaidi ng’ambo. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, na mwaka 1952 alirudi na shahada. Akili ilikuwa yake mwenyewe. Lakini palikuwa na mtu aliyeketi naye. Ikiwa yeye alihitaji mtu, sembuse mtoto wa Rudewa?

Basi, nisikilizeni katika mambo matano. Nimeyapata kwa kuumia.

Kwanza, chuo hakichaguliwi baada ya Kidato cha Sita. Huchaguliwa siku mtoto anapoacha somo. Akiwa Kidato cha Pili, akaribiapo kuingia cha Tatu, mwulizeni anaacha somo gani, na kwa nini. Anayeacha Fizikia kwa sababu rafiki yake ameiacha anafunga milango asiyoijua bado. Sisemi kila mtoto asome Fizikia. Nasema ajue anachokifunga.

Pili, matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, msikae kungoja. Serikali huwapa wanafunzi nafasi ya kubadili tahasusi na vyuo walivyojaza, kabla haijawapangia shule. Mwaka 2024 tahasusi mpya nyingi ziliongezwa, kwa hiyo yale tuliyoyajua sisi wakubwa hayatoshi tena. Kama mnampeleka shule ya binafsi, ulizeni kabla ya kulipa: shule hii ina tahasusi zipi, na zinampeleka mtoto wapi? Msione aibu. Mwenye kununua ng’ombe humtazama meno.

Tatu, kuomba chuo na kuomba mkopo ni maombi mawili. Siku hizi mwombaji wa shahada hupeleka maombi yake kwa chuo chenyewe. Utaratibu ule wa mwaka 2010 wa kuomba wote kwa pamoja ulikoma mwaka 2017. Akikubaliwa na vyuo zaidi ya kimoja, hana budi kuthibitisha kimoja tu, katika siku zilizowekwa. Mkopo nao una dirisha lake kwa Bodi ya Mikopo, na dirisha likifungwa halimngoji mtu. Kumbukeni pia kwamba mkopo si sadaka. Aajiriwaye hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Mtoto alijue hilo kabla ya kutia sahihi.

Nne, tengenezeni majina mapema. Hapa nasema kama karani. Vijana wengi huja kwangu wakilia kwa sababu ya jina. Kitabu cha ubatizo kina jina la baba. Shuleni aliandikishwa na mjomba kwa jina la mjomba. Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na aliyefiwa na mzazi hutakiwa cheti cha kifo kilichohakikiwa vilevile. Jina lililokwisha chapwa katika cheti cha mtihani ni gumu kulibadili, na huwapeleka watu kwa wakili kuandika hati, kwa fedha nyingi, siku za mwisho. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, mtafutieni sasa, angali shule ya msingi. Cheti cha ubatizo chaweza kuwasaidia katika kukitafuta, nami mtu akija na tarehe sitamchelewesha.

Tano, msidharau vyuo vya kati. Hapa jirani yetu, Ilonga, tuna chuo cha ualimu na chuo cha kilimo. Wako watoto waliokwenda chuo kikuu kwa sababu ya jina tu, wakarudi bila kazi na bila hamu. Wako wengine waliopata stashahada, wakafanya kazi, kisha wakaendelea mpaka shahada. Ngazi ina vidato, na anayeanza cha chini si mpumbavu.

Nanyi walimu, makatekista, na kila mwenye simu ya mtandao katika jumuiya, nawaomba neno moja. Miongozo ya TCU, ya NACTVET na ya Bodi ya Mikopo hupatikana bure katika mtandao wao. Isomeni ile ya mwaka huu huu, maana masharti hubadilika, na ya mwaka jana yaweza kumpoteza mtu. Ketini na watoto wa jumuiya yenu angalau siku moja kabla ya fomu kujazwa. Kama hamjui jibu, semeni, “Sijui, tutafute.” Mimi laiti ningalisema hayo mwaka 2022, mzee yule angalikuwa na mbuzi wake.

Nimeweka benchi ndani ya ofisi, karibu na meza. Mwezi wa Desemba yule binti alirudi likizo, akaja kunisalimu. Alinikuta nimesimama mlangoni tena, funguo mkononi, nataka kutoka. Kabla hajanena neno, niliziweka funguo mezani, nikaketi. Akacheka, akasema, “Shikamoo, Mwalimu. Leo nimekuja kusalimu tu.”

Nikamwambia, “Marahaba, mwanangu. Hata hivyo keti.”

Wasalaam,
Karani wa Parokia, Rudewa, Kilosa.